Vita vya Kibaraza cha Mafundi

Jumatatu, 3 Juni

Hatimaye historia imenibishia hodi! Asubuhi karani wa halmashauri amekuja kibarazani kwetu na kipaza sauti, ingawa sisi ni kundi dogo tu la mafundi cherehani na tulikuwa tunamtazama usoni. Ametangaza kwamba ifikapo Jumapili kibaraza kiwe kitupu. Kinabomolewa. Madiwani wanataka pa kuegesha magari. Kibaraza kimepakana na ofisi yao, kina paa, kina umeme, na nimeshonea hapo tangu kabla sijaoa. Kikienda, nitashonea wapi? Chumbani kwetu cherehani haiingii mpaka kitanda kitoke.

Tumekaa kikao. Nimejitolea kuwa kiongozi kabla kiongozi hajatafutwa. Nimetangaza kuwa kuanzia kesho nagoma kula, mbele ya geti la halmashauri. Nilitegemea makofi. Badala yake Mama Vifungo, anayetushonea sote vifungo na kutuzibia matundu, ameuliza kama karani ananijua. Nikasema hanijui. Akasema basi njaa yangu itamuumaje mtu asiyejua hata kama nipo. Watu wakacheka. Mama huyu ana kijicho. Mtu wa vifungo atajua nini kuhusu mapambano!

Jumanne, 4 Juni

Mgomo umeanza. Nimeketi getini, uso wa huzuni, mkono shavuni. Karani amepita, akaniuliza namsubiri nani. Mpita njia mmoja amenionyesha njia ya kwenda zahanati.

Mchana mke wangu akatokea na bakuli. Nilisahau kumwambia! Akasimama mbele ya umma akauliza, kwa sauti ya kuuza samaki, kwa nini nimeanikwa juani kama shuka. Nikamweleza kwa kunong'ona. Akasema yeye ameamka alfajiri kupika na hana ugomvi wowote na halmashauri. Ikabidi nichague kati ya adui mmoja na wawili. Nimekula, lakini barabara nimeipa mgongo. Kwa hiyo kimsingi mgomo haujavunjika. Umefichwa tu.

Mama Vifungo akapita, akaniambia pole na kazi. Nilimwona akibana midomo. Sirudi nyuma.

Jumatano, 5 Juni

Nimetafakari. Kosa la jana ni kwamba nilikuwa rahisi kuhamishika. Leo nimejifunga kwenye geti kwa mnyororo wa baiskeli ya shemeji yangu, nikatia kufuli, ufunguo nikamkabidhi shemeji akaenda nao kazini. Waje sasa waning'oe!

Geti sikuwa nimelichunguza. Ni la magurudumu, la kusukuma pembeni. Gari la kwanza likapiga honi, askari akasukuma, nami nikaenda nalo, mbavu mbele. Gari likapita, tukarudi. Kutwa nzima! Kila diwani aliyeingia alinikuta nikimfungulia. Mmoja amenisifu kwa bidii yangu, akasema mfungua geti wa zamani alikuwa mvivu. Baada ya hapo askari mwenyewe akatafuta kivuli akaketi, kazi akaniachia mimi.

Jioni, kabla shemeji hajarudi na ufunguo, Mama Vifungo ameniletea maji. Akaniambia, kwa upole unaoudhi, kwamba mgomo unaowarahisishia wakubwa kazi una kasoro mahali. Akauliza hawa watu wanahitaji nini kutoka kwetu. Nimemjibu wanahitaji kuniogopa. Akatikisa kichwa, akachukua kikombe chake, akaenda zake.

Alhamisi, 6 Juni

Harakati zangu zimetekwa!

Mama Vifungo amewaita mafundi wote. Keshokutwa halmashauri inafungua kikao kipya, na kila diwani anatakiwa avae joho jipya mbele ya wananchi. Majoho yanashonwa wapi? Kibarazani kwetu. Shauri lake ni hili: tushone kama kawaida, ila tuishie kwenye bandi, ule uzi mweupe wa kushikiza kitambaa kabla ya kushona kwenyewe. Tuyatundike ukutani yaonekane. Anayeuliza aambiwe kwa adabu kwamba tunahamishwa, hatuna pa kumalizia. Basi. Hakuna kelele, hakuna tusi, hakuna jiwe.

Nimepinga kwa nguvu zote. Mapambano gani hayo hayana hata wimbo? Kura zikapigwa, nikabaki peke yangu. Fundi Kimya, mshona suti ambaye mdomo wake umejaa pini kutwa, akatoa pini zote akaniambia kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamjibu kwamba mimi ni gumba. Akarudisha pini.

Jambo moja linanitia moyo. Joho la mwenyekiti wa halmashauri limeangukia mikononi mwangu.

Ijumaa, 7 Juni

Inauma kuandika, lakini watu wanasimama. Majoho mekundu yananing'inia ukuta mzima, nyuzi nyeupe nje nje, na hakuna apitaye bila kuuliza. Mwalimu mkuu ameuliza sare za wanafunzi wake zitashonwa wapi. Muuguzi naye hivyo hivyo, sare za zahanati. Muuza nyama amesema suruali yake ya harusi ya bintiye iko hapa na hataki kusikia habari za kuhama. Wote wakaenda kwa karani kwa miguu yao wenyewe. Hakuna aliyewatuma! Mimi siku mbili nimeteseka pale getini na hakuna hata paka aliyeungana nami.

Mchana karani amekuja tena, safari hii bila kipaza sauti. Anaomba. Mama Vifungo akampa kiti, akamwambia tutamaliza mara tu mwenyekiti atakapotamka hadharani kwamba kibaraza kinabaki. Karani akasema mwenyekiti yuko tayari kutamka faraghani. Mama akasema neno la faraghani ni bandi, ukivuta kidogo linatoka. Watu wakacheka, hata karani.

Na mimi? Hakuna aliyeniuliza lolote. Nimekata shauri. Nitalimaliza joho la mwenyekiti, nimpelekee mwenyewe, na wakati namvalisha nimpe madai yetu jicho kwa jicho. Mtu aliyeinua mikono apimwe hawezi kubishana na fundi. Huo ndio ushawishi!

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika kwa kifupi.

Nimeingia ofisini kwa mwenyekiti kwa mlango wa nyuma. Amefurahi mno. Amevaa. Pindo la chini lilikuwa limebaki kidogo, nikapiga magoti nilimalizie kwa sindano ya mkono, joho likiwa mwilini mwake na ukingo wake nimeulaza juu ya paja langu. Nikafungua kinywa nianze madai. Akaniwahi! Akamwita karani, akamwambia mafundi wamesalimu amri, joho si hili hapa, basi kibaraza kibomolewe leo leo baada ya sherehe. Nikawaona akilini wenzangu wote barabarani na cherehani zao, na ni mimi niliyewafikisha huko. Mikono ikaendelea kushona yenyewe.

Kengele ikalia. Mwenyekiti akatoka kwa madaha. Nami nikatoka naye, kwa magoti. Nilikuwa nimelishona joho lake na suruali yangu! Mshono maradufu, wa karibu karibu. Sijawahi kushona vizuri kiasi kile.

Umati mzima ukamwona mwenyekiti akishuka ngazi anakokota fundi, na madiwani nyuma yake wamevaa mashati matupu. Kicheko kilichopasuka hapo sijawahi kukisikia. Kila akivuta, suruali yangu inatishia kubaki nyuma. Akadai mkasi. Mkasi uko kibarazani. Mama Vifungo akauleta taratibu, akaufungua, akauweka kwenye uzi bila kukata. Akamwamkia vizuri, shikamoo na heshima zake zote, kisha akauliza kama mheshimiwa alikuwa na neno kuhusu kibaraza.

Mwenyekiti akatazama umati. Mwalimu mkuu, muuguzi, muuza nyama. Hakuna aliyekuwa anacheka tena, wanasubiri. Akatamka kwamba kibaraza kinabaki. Mama akamwomba arudie, wa nyuma hawakusikia. Akarudia. Ndipo mkasi ukafanya kazi yake.

Nimelia. Sioni haya kusema, nimelia mbele za watu. Kisha wenzangu wakaniuliza nilikuwa natafuta nini mle ofisini.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala, nimeamka, ukweli nimeuona. Bila mimi ushindi usingepatikana. Nani mwingine alijishikiza kwa mamlaka kiasi kile?

Leo wamechagua kamati ya kibaraza. Mwenyekiti, Mama Vifungo. Msemaji, Fundi Kimya! Mimi hata ujumbe sikupewa. Eti nimechoka, nipumzike kwanza.

Sivumilii. Somo la juma hili liko wazi: mtu mmoja mwenye msimamo anatosha. Kuanzia kesho nagoma. Naondoa cherehani yangu kibarazani, na sitarudi mpaka wanichague kiongozi. Mke wangu ameniuliza nani ataumia hapo. Maswali ya watu wasiojua mapambano.

Jioni nimekwenda kuwasomea tamko langu. Wamenisikiliza mpaka mwisho. Halafu Mama Vifungo ameuliza kama nahitaji watu wa kunisaidia kubeba cherehani.

Ameanza kuogopa.