Kinyonga Aliyenifanyia Utafiti

Sina uso tena hapa Songambele, Kyerwa. Naandika haya vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi, na sababu yake mtaijua mkisoma mpaka mwisho. (Msinipigie simu. Sipokei.)

Wengi wenu mnajua nasomea shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni kuhusu utayari wa jeshi la akiba. Kwa lugha ya nyumbani: nchi ikivamiwa leo, wale raia waliopitia mafunzo ya mgambo watakusanyika upesi kiasi gani, na wanaopanga ulinzi wawategemee kiasi gani? Nilichagua Kyerwa kwa sababu ni wilaya ya mpakani. Pia kwa sababu mama yangu mkubwa, Mama Koku, anaishi huku na chakula ni bure. (Hiyo ya pili sikuiandika kwenye andiko la utafiti.)

Sasa nikiri dhambi. Sura ya nne, ile ya matokeo, nilikuwa nimeshaiandika kabla sijatoka chuoni. Niliandika kwamba mgambo wa vijijini wanachelewa, hawana mpangilio, na wapangaji wasiwategemee. Profesa anayenisimamia, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake, alisoma akasema vizuri sana, ushahidi uko wapi? Akanipa mpaka leo saa nane mchana. Nikikosa, nibadili mada nianze upya. Mwaka mmoja na nusu wa maisha yangu ulikuwa unaning'inia hapo.

Kwa hiyo leo asubuhi, kwa idhini ya ofisi ya kijiji, nikafanya zoezi. Saa tatu kamili nikatuma ujumbe kwenye kundi la simu la wahitimu wa mgambo: "Zoezi. Kusanyikeni uwanja wa shule upesi." Nikabonyeza saa ya kupimia muda. Nikasimama katikati ya uwanja na daftari langu kama mkaguzi.

Saa tatu na nusu, hakuna mtu. Saa nne akaja Mama Deusi, jirani yetu, akauliza kama mbolea ya ruzuku imefika. Nikamwambia ni zoezi la kijeshi. Akasema sawa, akakaa, akatoa kikapu aendelee kusuka. Saa tano akafika kiongozi wao, mkulima wa kahawa ambaye kila mtu anamwita Sajenti, na nyuma yake mwenzake mmoja. Sajenti akasema ujumbe aliuona mapema, ila kahawa ilikuwa jamvini na wingu lilikuwa linakuja.

Basi. Watu watatu, mmoja kwa ajili ya mbolea. Moyoni nilikuwa nafurahi kupita kiasi, maana sura yangu ya nne imepona. Ningenyamaza pale, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nikawahutubia. Nikawapa nadharia za wataalamu. Nikawauliza kama adui naye angesubiri kahawa ikauke. Sajenti alinisikiliza kwa adabu huku akitazama gambuti zake, akaaga, wakaondoka.

Nikarudi kwa Mama Koku nioge kabla ya kuongea na profesa. Bafu lake liko uani: nguzo nne, majani makavu ya mgomba pande zote, juu mbingu. Nikaacha simu kwenye kigoda nje. Nikajipaka sabuni kuanzia kichwani, huku naimba.

Kitu cha baridi kikanigusa bega.

Nikadhani ni jani. Jani likapiga hatua. Likasita, likafikiri, likapiga nyingine. Nikageuza shingo. Kinyonga. Jicho moja linanitazama mimi, jingine linatazama ndoo.

Mimi nimezaliwa Nyakakika, wilaya jirani ya Karagwe, na marehemu bibi alitulea tukimwogopa kinyonga kuliko chui. Nilidhani vitabu vimeniponya. Wapi. Mkono ukaenda wenyewe mdomoni, nikapiga enduru.

Kwa msiotoka kwetu: enduru ni lile yowe la hatari, sauti juu kabisa huku kiganja kikipigapiga midomo. Karagwe na Kyerwa nzima, ukilisikia huulizi kuna nini. Unatupa ulichoshika na unakimbia, na kila nyumba inalipokeza kwa nyumba inayofuata. Asiyetokea anapigwa faini na kijiji. Haya yote nayajua tangu utoto. Mdomo haukuniomba ushauri.

Yowe la kwanza likajibiwa ng'ambo ya kibanja, shamba letu la migomba. La pili likajibiwa mlimani. Nikaanza kupapasa kitenge changu, sabuni machoni, kinyonga bado begani anatafakari.

Wakatokea migombani pande zote. Fimbo, mapanga, mama mmoja na mwiko wenye ugali. Sajenti mbele, gambuti mguu mmoja tu. Hakupoteza neno. Akanyoosha mkono: ninyi bondeni, ninyi njia ya barabarani, ninyi zungukeni nyumba. Kila mtu akaenda mahali pake bila kugongana na mwenzake. (Sura ya nne, ukurasa wa pili: "hawana mpangilio.")

"Wako wangapi?" Sajenti akaniuliza kutoka nje ya majani.

"Mmoja."

"Ana silaha?"

"Ana mkia," nikasema.

Nikatoka nimejifunga kitenge, povu linashuka masikioni. Wazee wameshafika, nikawasalimia shikamoo hivyo hivyo. (Heshima si utumwa.) Sajenti akamtoa kinyonga kwa kijiti, akamweka kwenye mti wa kahawa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nikataka kuingia ndani. Mwenyekiti wa kitongoji akaniambia nisubiri, kwa sababu mpiga enduru haondoki mpaka majina yaishe. Akafungua daftari, akaanza kuita kaya kwa kaya. Yupo. Yupo. Yupo. Wale wote niliowangoja asubuhi uwanjani walikuwepo, wanahema, wananitazama ninavyodondosha povu. Alikosekana mmoja, naye akaingia na bodaboda kabla daftari halijafungwa. Alikuwa njiani kupeleka kahawa Omurushaka, akapigiwa simu, akageuza. Akashuka, akaniomba radhi kwa kuchelewa. Mimi! Nilitamani ardhi inimeze na kitenge changu.

Hapo simu ikalia kwenye kigoda. Saa nane. Sajenti alikuwa karibu, akaichukua kabla sijamfikia. Aliposikia sauti nzito akabana visigino.

"Ndiyo, mkuu. Hali ni shwari. Adui ni kinyonga mmoja, ameondolewa."

Akasikiliza. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Muda? Saa hatukuangalia, mkuu. Lakini tulipofika alikuwa bado ana povu."

Akanipa simu. Profesa alikuwa anakohoa kikohozi ambacho sijakisikia kwake. Alipotulia akataka kujua, kama watu hawa wako hivi, asubuhi walikuwa wapi? Nikamgeukia Sajenti, nikamuuliza swali hilohilo. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma.

"Asubuhi ulituma meseji, mwanangu. Meseji inangoja mtu amalize kazi. Sisi wito wetu unaujua, umezaliwa nao."

Profesa alisikia. Akasema nifute sura ya nne yote na niandike niliyoyaona. Mada yangu imepona, jamani. Niliyekufa ni mimi.

Maana kikao cha wazee kilikaa palepale. Kupiga enduru kwa ajili ya kinyonga hakusamehewi kwa sababu umesoma. Nimehukumiwa kumenya ndizi za kuwalisha wote waliokuja kuniokoa. Mama Koku, damu yangu, hakunitetea hata kwa neno moja. Yeye ndiye aliyeleta kisu. Sasa niko mkungu wa tatu. Nikimenya, nusu ya ndizi inaondoka na ganda. Mama Deusi amekuja kunionyesha, ameniangalia kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama adui naye atasubiri nimalize kumenya.

Katikati ya mkungu wa pili nilifuta mikono nikamtumia profesa aya mpya ya mbinu za utafiti. Niliandika kiungwana: "Zoezi la pili lilianzishwa ghafla na chanzo cha nje." Jibu lake limeingia sasa hivi. Neno kwa neno, hili hapa:

"Mtaje adui kwa jina."