Diski yangu ya origine

Leo nimeshikwa na haya, jamani. Haya ya kweli, ile ya kufanya mutu atafute mulango wa kutokea na asiuone.

Munanijua. Mimi ndiye informaticien wa familia (hakuna aliyenichagua, nilijichagua mwenyewe). Simu ikikwama, munaniita. Televizyo ikikataa, munaniita. Basi wiki iliyopita mashini ya mudogo wangu Neema, kompyuta yake ya chuo, ilianza kuchoka. Neema anamaliza chuo mwaka huu. Nani alichukua mémoire yake ya kumalizia chuo, kazi ya miaka miwili, akaihamishia kwenye diski yake ya nje "kwa usalama"? Mimi. Nani akasafisha ile mashini, akafuta kila kitu? Mimi tena.

Neema aliniuliza mara mbili, mimi mukubwa wake: "Yaya, hatuache kopi fasi ingine?"

Nikamujibu: "Mutoto, hii diski iko origine."

Sasa sikilizeni. Kesho saa sita ya muchana mémoire inapaswa kuwa kwa sekretari wa fakilte. Isipofika, Neema hatetei kazi yake mbele ya walimu, anangoja mwaka kesho. Leo asubuhi nikachomeka diski. Jina la faili liko. Nabonyeza, halifunguki. Nabonyeza tena, wapi! Nikaitikisa diski kidogo. Koro-koro, koro-koro.

"Yaya, iyo sauti ni nini?"

"Ni kichwa cha kusomea. Kimechoka. Za origine zikizeeka zinafanya vile." (Sijui nilitoa wapi maneno hayo.)

Nikaamua: tununue diski mupya, ya nguvu, tena haraka, nihamishe vitu kabla ile ya zamani haijakufa kabisa. Neema akasema twende Kadutu kwa Papa Salumu. Upande mumoja wa duka lake anauza vitu vya mashini, upande mwingine anachapisha na kupiga fotokopi. Ni kwake Neema alichapisha mémoire wiki mbili zilizopita, akampa mwalimu wake (naye mwalimu akaondoka nayo safari, karatasi zote ndani ya sanduku). Tukapanda moto, pikipiki ya kukodi, kutoka Bagira. Diski niliishika kifuani namna unashika yai.

Papa Salumu ni muzee mupole wa Uvira, kofia yake nyeupe kichwani. Akatoa diski moja. "Hii iko ya tera moja. Garanti miezi sita. Ikikufa, unairudisha hapa, nakupa ingine."

Nikauliza bei. Nusu ya bei ya yangu! Hapo ndipo shetani alinipanda. Duka lilikuwa limejaa wanafunzi wanangoja fotokopi, na mimi mbele ya watu siwezi kunyamaza. Nikaigeuza ile diski. Nikaipima kwenye kiganja. Nikainusa (ndiyo, niliinusa).

"Papa, hii ni bandia. Iko nyepesi sana. Shika yangu, usikie uzito. Diski ya kweli inakuwa nzito."

"Uzito hauonyeshe kitu, kijana. Njoo tuijaze hapa kwa mashini, kisha tuisome, utaona weye mwenyewe."

"Hatuna muda! Nyinyi wafanyabiashara munazoea kuibia wanafunzi."

Wanafunzi wote wakanigeukia. Neema akanivuta shati. "Yaya, acha."

Papa Salumu hakukasirika hata kidogo. Akafungua droo, akatoa tournevis ndogo ya kufungulia skurubu, akaiweka juu ya kioo cha meza. "Sawa. Fungua yako basi, ile ya origine. Unifundishe ya kweli iko namna gani."

"Mémoire yangu iko mule ndani!" Neema akapiga kelele.

"Kufungua kifuniko hakuharibu kitu. Najua kazi yangu."

Mutu mwenye akili angekumbuka ana nguo nje na mvua inakuja, akaenda zake. Mimi nikaanza. Skurubu ya kwanza. Ya pili. Wanafunzi wakasogea. Ya tatu. Ya ine. Kifuniko kikatoka.

Boulon.

Boulon mbili za chuma, nzito, wapendwa! Moja imebandikwa na gundi. Ya pili gundi ilikuwa imeachia, ikabiringika juu ya kioo taratibu, ikaanguka chini: kling! Kando yao, kadi ndogo kama ya simu. Ile boulon iliyoachia, hiyo ndiyo koro-koro ya kichwa changu cha kusomea.

Papa Salumu akaishika ile kadi. "Inadanganya mashini eti iko kubwa. Ikijaa, vipya vinafuta vya zamani. Kisha ya mémoire, uliweka nini ingine?"

"Filamu," nikajibu kwa sauti ya panya.

"Mingi?"

"... Mingi."

Mutu mumoja nyuma akasema: "Origine!" Wakacheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Kisha wakamuona Neema, wakaacha. Alikuwa ameketi juu ya katoni ya karatasi, machozi yanashuka, hajipanguzi. "Miaka miwili, Yaya." Hapo haya iliniisha, nikashikwa na woga.

"Binti," Papa Salumu akasema, "jina lako lote ni nani?"

Munajua mambo ya mji wetu. Mwanafunzi akichapisha mémoire, faili inabaki kwa mashini ya muchapishaji, na hakuna anayeifuta. Papa Salumu akashuka na majina, pole pole, Mungu wangu, pole pole vile! "Nathalie... Ndeko... Neema. Huyu hapa." Sura zote ziko. Tablo zote. Ulikosekana ukurasa mumoja tu, ule wa shukrani, kwa sababu aliuandika nyuma, mémoire ikiwa imekwisha kuchapishwa. (Na kwenye ukurasa ule mimi nilikuwa wa kwanza: "kwa yaya yangu, kwa musaada wake wa teknolojia.")

Neema akajipanguza macho, akaketi palepale, akauandika upya. Nikainama nisome. Papa. Maman. Mwalimu. Wamama wa Mumosho waliomupokea na maswali yake ya utafiti. Papa Salumu, "kwa kulinda kazi yangu."

Nikasoma tena kutoka juu. Jina langu hakuna.

Ile diski nyepesi niliinunua. Sikuomba hata apunguze.

Kesho asubuhi mémoire inafika kwa sekretari, na Neema anatetea wiki ijayo, wote munakaribishwa. Ila atakayekuja na boulon mufukoni, ajue kwenye mulango nitasimama mimi.