Zenoni za Kilomita

Kila siku saa nne za asubuhi Mzee Kyalo huegesha Probox yake mbele ya duka la spea la Shoeb, hununua kahawa tungu na kashata mbili kwa Fridah, kisha hufungua gazeti na kutusomea vichwa vya habari kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Wengine hubishana. Mimi hukaa ncha ya benchi, jicho moja likiwa kwenye chumba changu cha fotokopi pale mlango wa pili.

Jumanne hii alilifungua gazeti, akalitazama, akalikunja tena, akanisukumia.

"Kimya, soma wewe leo. Koo langu halina raha."

Kimya ndilo jina walilonipa. Nikaanza kusoma.

"Paza sauti, mwanangu," Fridah akasema. "Hawa masikio yao yamejaa injini."

Nikapaza. Habari ilisema askari wa trafiki wataanza kuwasimamisha wenye magari yaliyobadilishwa taa katika barabara ya Kilifi na Malindi, kwa kuwa taa hizo huwapofusha madereva wengine.

Benchi zima likageuka kuitazama Probox.

"Gazeti halikutaja mtu," Mzee Kyalo akasema.

"Litamtajaje?" akadakia Kahindi. "Mwandishi alikutana nawe njiani akapofuka."

Kahindi ni fundi wa umeme wa magari. Wanamwita Fyuzi kwa sababu hukatika haraka, na akikatika kazi yote husimama. Mzee Kyalo wanamwita Kilomita, maana hupima kila kitu kwa kilomita, hata umbali wa kwenda chooni. Shoeb ni Orijino. Hakuna kitu dukani mwake ambacho si orijino, hata kile kinachoyeyuka juani.

"Wivu tu," Shoeb akasema, akitoka mlangoni na kikombe chake. "Zile balbu zake ni zenoni orijino, mwanga mweupe kama mchana. Ujerumani wanafunga zizi hizi."

"Ujerumani wanafunga taa nzima, bwana!" Kahindi akaruka. "Bakuli lake, lenzi yake, na mota ya kuinamisha mwanga gari likibeba mzigo. Wewe umemuuzia balbu tupu, akaenda kuichomeka katika bakuli la halojeni. Ni sawa na kumwagilia mchicha kwa bomba la zimamoto."

"Mchicha si unapata maji?"

"Mchicha unayapata maji Mambrui ulikosombwa! Shambani hakuna mchicha!"

Fridah akaongeza kahawa kwenye vikombe bila kuulizwa. "Juzi alipita kwangu saa moja ya jioni. Kuku wangu walikuwa wamelala. Wakashuka wote, wakajipanga mlangoni, wakadai chakula cha asubuhi."

"Na kule daraja la Sabaki," Kahindi akasema, "watu wa bodaboda wakimwona anakuja wanazima pikipiki, wanasimama kando, wanatubu."

"Kelele zenu." Mzee Kyalo alikuwa akikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Mbona hamsemi taa za wengine? Siku hizi kila taa inayokuja mbele yangu ina ndevu."

"Ina nini?"

"Ndevu, Fridah. Miale imetoka huku na huku kama mzee aliyeamka sasa hivi. Wewe ukija na ndevu, mimi nakuja na zenoni. Ngoma droo."

"Hayo ndiyo maneno!" Shoeb akasema. "Na ukitaka kuwashinda kabisa ninazo za elfu nane. Buluu hiyo, kama maji ya Watamu."

"Elfu nane ni kipimo cha rangi ya mwanga, si ukali!" Fyuzi tayari alikuwa anafuka. "Kadiri zinavyozidi ubuluu ndivyo barabara inavyopotea. Hiyo si taa, ni disko. Kilomita, sikiliza. Jumamosi binti yangu Easter anaolewa Marafa. Wewe ndiwe unayetupeleka na kuturudisha usiku. Njia ile unaijua: vumbi, mbuzi, na watu wanaotembea katikati ya barabara wakizungumza mambo yao. Sitaki tushushwe na trafiki tukiwa na masufuria ya pilau mapajani."

Akatoa mfukoni kitambaa, akakifungua. Ndani mlikuwa na balbu mbili ndogo za halojeni, zile za zamani za Probox.

"Nilikuhifadhia. Dakika kumi nakurudishia."

Mzee Kyalo aliinuka, akaenda akakalia boneti.

"Huigusi."

"Babu mzima kakalia boneti!"

"Ng'oa magurudumu ukitaka. Taa huigusi."

Nilimtazama nikashangaa. Huyu ni mtu anayecheka akitukanwa. Miaka ishirini na miwili ameendesha teksi bila mkwaruzo, na habari hiyo hutusimulia kila Ijumaa kana kwamba ni mpya.

"Basi hata taa zenyewe hazikusaidii," Fridah akasema. "Mwezi huu tu umekwaruza lango la Shoeb na kukanyaga ndoo yangu."

"Lango lilisogea."

"Na ndoo?"

"Ndoo ilikuwa ya kijivu. Nani ananunua ndoo ya kijivu?"

Wakacheka wote, naye akacheka, lakini hakushuka pale alipokaa.

Kahindi ana njia moja ya kumaliza ubishi wa taa. Huliweka gari hatua saba kutoka ukutani, huwasha, kisha huchora kwa chaki pale mwanga unapokatikia. Mwanga mzuri huacha mstari. Mwanga mbaya humwagika popote.

"Twende stoo ya Orijino," akasema. "Upande wa kushoto natia halojeni, wa kulia naiacha zenoni yako. Ukuta ndio utakaoamua. Au unaogopa ukuta?"

"Ukuta wangu ni mweupe, orijino," Shoeb akasema. "Mimi siogopi."

Mzee Kyalo alitutazama mmoja mmoja. Kisha akashuka.

Stoo ya nyuma ni ndefu, lakini upana wake ni wa gari moja tu. Aliliingiza polepole mno, kichwa akiwa amekitoa dirishani, na Shoeb akimpigia kelele kila hatua. Kahindi akabadilisha balbu moja. Tukafunga milango, kukawa giza.

"Washa!"

Upande wa kulia mwanga ulipanda hadi darini, ukarudi, ukamulika masanduku, ukamulika nywele za Fridah, ukamtoa mjusi mbio.

"Mpeni mjusi miwani!" Kahindi akapiga kelele. "Shoeb, niambie, mjusi naye ana wivu?"

Upande wa kushoto mwanga ulikuwa wa njano, wa kiasi, umelala chini na kukatika juu kwa mstari mnyoofu. Kahindi akaufuatisha kwa chaki, akajipangusa mikono kama aliyemaliza kesi.

"Haya, Kilomita. Wewe ndiwe uliye kwenye usukani. Mstari unauona?"

"Upi?"

"Huu wa njano, wenye chaki."

"Naona."

"Uko juu ya nini?"

Mzee Kyalo aliinama mbele kidogo. "Uko chini ya kalenda."

"Kalenda ipi?" Shoeb akauliza.

"Yako ya kila mwaka, ya misikiti. Si ile pale?"

Kahindi alianza kucheka. Shoeb hakucheka.

"Kilomita," akasema taratibu, "kalenda niliitoa Desemba. Hapo nimetundika mikanda ya feni."

Kicheko cha Kahindi kikakosa pa kwenda. Nikakumbuka gazeti lililokunjwa, na koo lisilo na raha. Nikataka kusema neno, nikaishia kusema, "Mzee..."

"Hakuna tabu," Shoeb akasema haraka, "upande wa kushoto tutie zile za elfu nane, halafu—"

"Shoeb," Fridah akasema. "Nyamaza."

Mzee Kyalo akazima taa zote mbili. Hakuna aliyekwenda kufungua mlango.

"Tangu mwezi wa tatu," sauti yake ikatoka garini. "Nilidhani taa zimezeeka. Nikasugua vioo kwa dawa ya meno. Nikabadilisha betri. Nikafunga hizi, siku mbili nikaona afadhali, nikamwambia kila mtu. Dirisha la nyumba yangu nalo sasa lina ndevu. Mama watoto nimemwambia ni moshi."

Kahindi alikwenda kando ya mlango wa gari. Nilisikia balbu ile nyingine ikigongana na funguo mfukoni mwake.

"Si taa, Kahindi. Ni macho. Jumamosi usinipe usukani. Sioni."