Siku Mkono wa Suhail Ulipopanda Mbele ya Mkwewe

Tulizeni miguu, enyi watu wa Gando na Wete, na nyie wa Ole mnaoegemeza baiskeli zenu kwenye mikarafuu, na nyie wa Madungu mnaojua habari kabla hazijatokea. Mwenye kunywa kahawa na aweke kikombe, mwenye kukoroga uji na apunguze moto, kwani inakuja habari ya vita visivyomwaga damu wala jasho jingi, vita vya gawio na hisa, na habari ya shujaa aliyeinua kiungo kimoja tu cha mwili wake, juu kupita kofia yake, na kampuni nzima ikasimama juu ya kiungo hicho.

Shujaa huyo ni Suhail bin Jabir, Mlinzi wa Baridi, Bwana wa Nyaya, meneja na mmoja wa wenye hisa wa Kampuni ya Jua na Barafu ya Gando. Kampuni hiyo iliundwa na wanakijiji walionunua hisa. Ilikuwa na paneli za sola juu ya bati, betri chini ya meza, na friza moja ndefu ambayo jitu lingeweza kulala humo bila kukunja magoti. Mchana friza iligandisha maji, na alfajiri wavuvi walipanga foleni kununua barafu.

Hiyo ilikuwa zamani. Betri zilizeeka, zikawa kama wazee wanaokula vizuri na kusinzia mapema. Jua likizama nazo zilizama, na barafu iliyolala ngumu iliamka maji. Wavuvi wakahamia kwingine, na ikapita misimu bila mwenye hisa yeyote kuiona faida. Ndipo kampuni ilipouza jenereta yake kuukuu kwa mkandarasi wa barabara. Fedha zikaingia benki, na siku hiyohiyo amani ikatoka Gando.

Majeshi mawili yakasimama. La kwanza lilitaka gawio: fedha zote zigawanywe, kila hisa ipate fungu lake. La pili lilitaka kampuni izinunue tena hisa za wale waliochoka, ambao walikuwa wachache na walikubali bei ya chini. Nusu ya fedha ingetosha kuwaaga, na nusu iliyobaki ingenunua betri mpya. Suhail alikuwa wa jeshi la pili. Alikuwa amepiga hesabu, na hesabu haikumwonea mtu huruma. Gawio lingempa kila mmoja kitoweo cha siku chache, na baada ya hapo pasingekuwa na betri, wala barafu, wala kampuni, wala umeneja.

Lakini lahaula, jeshi la gawio liliongozwa na Bi Mgeni binti Khatib, Simba Jike wa Mtaa wa Juu, Mwenye Kanga Zisizopauka, mama mzazi wa Ruweida mke wa Suhail.

Hapo ndipo vita vilipokuwa vizito. Tangu siku ya ndoa Suhail alikuwa hajapata kumtazama mkwewe machoni, wala kula mbele yake, wala kumkatalia neno. Akimwona njiani aliingia kichochoroni, hata kichochoro kisicho na pa kutokea, akasimama humo akikagua ukuta mpaka amani irudi barabarani. Na hisa za Bi Mgeni, nyingi kuliko za mtu yeyote, zilinunuliwa kwa karafuu za msimu mzima, kwa ushauri wa Suhail mwenyewe, uliopelekwa kwa mdomo wa Ruweida. Sasa onyo lilikuwa limerudi kwa mdomo uleule: "Mama kasema, ukimpinga mbele za watu, sikukuu ya Idi ukale kwa friza yako."

Ikawa asubuhi ya Jumamosi. Majeshi yakakutana katika ofisi ya kampuni, wanawake kwenye mikeka ya kushoto, wanaume kulia, na katikati yao friza ikinguruma. Mzee Silima, mwenyekiti, akafungua kwa dua, kisha akasema kura zitakuwa za mikono, mtu mmoja mkono mmoja, na mwenye matusi ayaache nje pamoja na viatu.

Bi Nadhira, jirani wa Bi Mgeni na hasimu wake wa kila arusi, alikuwa wa kwanza kusema. "Mie nauza. Hisa hizi nimezilea kuliko mbuzi, na mbuzi angalau hukupa samadi."

Bi Mgeni akainuka. Kanga yake ikajaa upepo wa feni, na jeshi lake likanyoosha shingo kwa fahari.

"Enyi mlioketi," alisema, "nisikieni. Anayetoroka ndiye alipwe kwanza? Na siye tuliobaki, tuliouangalia ugonjwa wa friza hii kama tunamuuguza mzazi, tupewe pole? Huyu Nadhira kila shughuli huniuliza mbele ya wapishi, eti umeme wako unakuletea nini. Leo yeye aondoke na noti, mie niondoke na maneno yake. Kama kuna haki, na igawiwe sawa."

Jeshi la gawio likavuma. Na Suhail, aliyependa ukweli kuliko raha, alikiri moyoni kwamba hoja ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri na ingewaua.

Akasimama. Akageuka polepole, akampa mkwewe upande wa bega, akaikabili friza.

"Ewe friza," alisema.

"Meneja," Mzee Silima aliuliza, "unazungumza na nani?"

"Na friza, Mzee."

"Haya. Katibu, andika."

"Niandike na majibu yake?" aliuliza Asma, katibu.

"Ewe friza," Suhail aliendelea, jasho likimshuka, "mwambie aliyesema, ambaye heshima yake iko juu ya kichwa changu, kwamba siye tumeketi wengi kwenye sinia moja na wali ni haba. Gawio ni kuukomba wali wote leo, kisha tubaki tumebanana vilevile tukitazama sinia tupu. Kununua hisa ni kumpa tonge lake anayetaka kuinuka. Akiinuka kanawa, harudishi mkono tena. Waliobaki wanajinafasi, fungu la kila mmoja limekua naye hakutoa hata shilingi, na akiba iliyobaki tunanunulia kuni tupike tena."

Bi Mgeni naye akaigeukia friza. "Ewe friza, muulize mkwe wangu, na chungu kikiungua?"

"Friza, mwambie sikuahidi pilau. Nimesema tutakuwa na kuni. Bila kuni hata kuungua hakutakuwapo."

Wakati huo wingu dogo, la ukubwa wa leso, likapita juu ya Gando. Friza ikakoroma, ikatetemeka kama ngamia anayepiga magoti, ikanyamaza. Feni ikafuata. Kanga ya Bi Mgeni ikashuka.

"Ni betri," Suhail aliiambia friza kwa upole.

"Andika na hilo," Mzee Silima alisema.

Bi Mgeni hakuketi. Alikuwa akimtazama Bi Nadhira, na ndani ya macho yake kulikuwa na jambo linalopikwa.

"Nadhira, ukishauza hurudi?"

"Nirudi kufanya nini? Kutazama maji?"

"Na barafu ikikaa ngumu?"

"Ntanunua, kama wanavyonunua watu."

"Kwangu."

"Kwa kampuni, Mgeni."

"Ndivyo nnavyosema. Kwangu."

Akaketi. Lakini jemadari aliyeliapia gawio mbele ya jeshi lake hawezi kuligeuka kwa mkono wake mwenyewe, na kura ilipoitwa aliinua mkono kwa ajili ya gawio, umenyooka kama mnazi. Kisha ikaitwa mikono ya kununua hisa. Asma akahesabu, akarudia, akashusha kalamu.

"Wamelingana. Meneja bado hajainua."

Majeshi yote yakamgeukia Suhail. Mkono wake wa kulia ukaondoka gotini, ukapita kifua, ukapita kidevu. Ukafika sikioni. Hapo ukakutana na miaka yote ya adabu, ukasimama. Ukajikuna.

"Mkono ule," Asma aliuliza, "ni kura au ni mwasho?"

"Ni mwasho," Suhail alisema.

Mkono ukajaribu tena, ukafika kwenye kofia, ukainyoosha kofia ambayo haikuwa imepinda, ukashuka. Ruweida, nyuma ya mama yake, alikuwa akiyasoma mabati ya paa. Betri, barafu, kazi, Idi, vyote vilining'inia kwenye kwapa moja lililokataa kufunguka.

Ndipo Bi Mgeni aliposhika pindo la kanga yake na kujifunika uso mpaka kidevuni.

"Jua limeniingia machoni," alisema, na wingu bado lilikuwa juu. "Mwenye kuinua na ainue. Mie sioni kitu, na atakayesema niliona aje anieleze nilimwonea wapi."

Mikeka ya kushoto ikaelewa. Kanga moja baada ya nyingine, jeshi zima la gawio likajifunika. Hata Bi Nadhira alijifunika, maana alikuwa anauza.

Na mkono ukapanda. Ulipita sikio, ulipita kofia, ukaenda juu kama bendera kwenye mlingoti wa skuli, vidole vitano vikiwa vimeachana, na ukakaa huko hata baada ya kuhesabiwa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amesahau namna ya kuushusha.

"Imepita," Mzee Silima alisema. "Tunanunua hisa, na betri."

Kutoka ndani ya kanga sauti ikauliza, "Nani kainua?"

"Mkono uliinuka, Bi Mgeni. Haukutaja jina."

"Ulinyooka?"

"Ulinyooka."

"Basi sawa. Mkono uliopinda haujui kushika waya."

Waliochoka wakalipwa wakaenda zao, Bi Nadhira akiwa mbele. Betri zikaja kwa meli kutoka Unguja. Na kwa kuwa habari hii inafuata ukweli, iandikwe pia kwamba mwaka huo hakukuwa na gawio, na kampuni haikutajirika. Wavuvi walirudi, lakini si wote. Hata hivyo watu wa Gando, wakitaka kukumbuka mtoto fulani alizaliwa lini au ukuta fulani ulianguka lini, siku hizi husema kabla ya mkono, au baada ya mkono.

Ikaja Idi. Suhail, Mshindi wa Jumamosi, alifika mlangoni kwa mkwewe, akapiga hodi kwa kidole kimoja na kusimama akitazama kizingiti. Likatoka sinia la wali na nyama, lake peke yake, na gilasi ya juisi ya ukwaju iliyokuwa na donge la barafu jeupe, gumu, lililogonga gilasi kama kengele.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Ewe pazia," ilisema sauti ya mwenye hisa nyingi kuliko wote Gando, "mwambie mkwe wangu, haijayeyuka."