Grini Zangu Tisa

Jumatatu, 4 Mei

Bosi anastaafu Jumapili, mashindano ya gofu ya wachezaji wa kulipwa yakiisha tu. Wa kumrithi ni mmoja kati ya wawili. Mimi, ninayetunza grini tisa za kwanza, yale majani mafupi yanayozunguka shimo. Au Rula, anayetunza tisa za mwisho. Tunamwita Rula kwa sababu akikata majani mistari yake inanyooka mpaka inakera.

Cheo kinakuja na nyumba. Vyumba vitatu nyuma ya stoo ya mashine, bomba la maji ndani kwa ndani. Mimi na mke wangu tunaishi kwa mama mkwe, mwaka wa sita huu. Leo nimemwambia mama mkwe Jumatatu ijayo tunahama. Akaniuliza kama cheo nimeshapewa, au namkatia kanzu mtoto ambaye hajazaliwa. Nikamjibu mtoto keshazaliwa, bado jina tu.

Mpango uko hivi. Kesho mwamuzi wa mashindano anakuja na kile kimfereji chake cha bati. Anakiinamisha juu ya grini, anaachia mpira uteremke, halafu anapima umekimbia futi ngapi. Basi wangu utakimbia! Nimeshusha visu vya mashine mpaka vikagoma. Rola nimepitisha mara nne. Maji, hata tone.

Jumanne, 5 Mei

Zangu futi kumi na tatu. Za Rula kumi na moja. Nikaweka kifua mbele nisubiri pongezi.

Mwamuzi akasema zinazotakiwa ni kumi na moja, na zote kumi na nane ziwe sawa. Mchezaji hawezi kucheza nusu ya siku kwenye majani na nusu kwenye sakafu yenye sabuni. Akauliza kama nilisoma barua ya maelekezo. Niliisoma. Ukurasa wa kwanza.

Bosi kaniamuru nizimwagilie leo leo, zipungue kasi. Rula akajitolea kunisaidia. Nikamwambia ahsante, nina mikono miwili. Nimwagilie nini? Kama shida ni usawa, si lazima zangu zishuke. Zake zinaweza kupanda. Sawa ni sawa.

Jumatano, 6 Mei

Alfajiri nimeingia kwenye grini za Rula kabla hajafika. Nimekata. Nimepitisha rola mara sita. Mgongo hauna hamu nami.

Saa tatu mwamuzi kapima tena. Za Rula kumi na tatu. Zangu kumi na moja.

Nilidhani kimfereji kimepinda. Kumbe jana jioni Rula aliona mabomba yangu hayajafunguliwa, akadhani nimesahau, akanimwagilia zote tisa nisije kugombezwa. Wala hakuniambia. Mtu anayekutendea wema kimyakimya ni wa kuogopwa.

Ila mambo yakanigeukia vizuri. Mwamuzi kamfokea Rula. Bosi kasema hajui kimempata nini, miaka yote hiyo kazi safi, leo anavuruga siku moja kabla ya mechi. Rula kaapa hakugusa kitu. Nani amwamini? Mimi bosi kanipiga begani. Rula kashinda akimwagilia, nane zikashuka, ya kumi na nne ikakataa katakata.

Nimemsimulia mke wangu. Hakucheka. Kasema mpaka Jumapili kazi yangu ni moja, kufunga mdomo. Kanirudishia mara tatu, kama anamtuma mtoto dukani.

Ijumaa, 8 Mei

Nimefunga mdomo. Siku ya pili.

Mama mkwe keshampa fundi cherehani chumba chetu, anaingia Jumatatu. Nimemsaidia kupima pa kuweka mashine.

Jumapili, 10 Mei

Bingwa kakabidhiwa kombe. Akaulizwa ushindi aliupatia wapi. Akasema ni kwenye grini ya kumi na nne, alipouteremsha mpira hatua ishirini ukaingia shimoni. Kasema hajawahi kukanyaga grini tamu kama ile, na anaomba kumshika mkono aliyeitengeneza.

Watu wakamgeukia Rula. Yeye na ukweli wake wa kuudhi, akasema si kazi yake, Jumatano aliikuta hivyo hivyo. Kamera zinatafuta. Mke wangu ng'ambo ya kamba kaweka kidole mdomoni. Nilimwona. Naapa nilimwona.

Lakini mikono ya watu mia tatu ilikuwa tayari kupiga makofi, na makofi yale yalikuwa yangu!

Nikasimama. Nikasema ni mimi, kwa mikono hii, alfajiri ya Jumatano, rola mara sita. Walipiga makofi mpaka nikasikia raha tumboni. Bosi hakupiga. Mwamuzi alikuwa anaandika.

Jumatatu, 11 Mei

Rula kapewa cheo. Na nyumba. Mimi nimeshushwa, sasa nachana mchanga kwenye mashimo yanayotega mipira. Yako arobaini na moja.

Mama mkwe kasema fundi keshatundika vitambaa, hawezi kumtoa. Tukasimama uani na masanduku yetu, mke wangu haniangalii. Nilimwonea huruma, nikajionea aibu kwa muda.

Mara Rula huyo, na toroli la majani. Kasema vyumba vitatu ni vingi kwa mtu ambaye hajaoa, tuchukue cha nyuma. Mke wangu kalia kwa kushukuru. Mimi nilijikaza. Nimemsoma zamani, ananiogopa, anataka niwe karibu anichunge.

Jioni kaniagiza kazi. Mchanga uwe wa kina kimoja kwenye mashimo yote, usizidi wala usipungue. Nikaitikia. Kina kimoja! Hapo bingwa atamkumbuka nani? Mwakani wakirudi, mashimo yangu yatakuwa na kina ambacho mchezaji hajawahi kukiona. Koleo nimeshaazima.

Nimemwambia mke wangu asifungue masanduku. Mwakani tunahamia vyumba vya mbele.