Ombi la Kurudishiwa Uzito wa Kompyuta Yangu

Duka la Uchapaji la Bi Ummkulthum,
Njia ya Bandarini,
Mkoani, Pemba.
Jumatano, baada ya adhuhuri.

Kwa mwanangu Suhaib,
Mwanafunzi wa Chuo,
Unguja.

Assalamu alaykum.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WEPESI

Afya yako sikuulizi, kwa kuwa mama yako amenipigia asubuhi na kunieleza hadi ulichokula. Nakuandikia barua rasmi badala ya ujumbe wa simu kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Au niseme kwa usahihi zaidi, lilikuwa zito na wewe umelifanya jepesi.

Utakumbuka kuwa ulipokuja likizo uliikuta kompyuta ya duka langu imezeeka. Ukaniambia, "Shangazi, hii si mbovu. Imebebeshwa mzigo usiokuwa wake." Ukafuta kila kilichokuwamo, ukatia huo mfumo wa bure unaoitwa Linux, na juu yake ukatandika hayo mandhari mepesi unayoyasifu, yenye mstari mmoja tu juu ya skrini, ambao wewe unauita paneli: menyu kushoto, saa kulia, basi. Mimi nilikushukuru na nikakupikia pweza wa nazi. Shukrani hiyo naiondoa rasmi kwa barua hii. Pweza, yameshapita.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Inawaka haraka. Zamani nilikuwa nikibonyeza kitufe, ninafagia duka, ninamwaga maji mlangoni, ninakwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua, na nikirudi bado kile kiduara kinazunguka. Wateja walikuwa wakikaa barazani kungoja, na Mzee Jaribu akiwamiminia kahawa. Hapo ndipo mambo ya mji huu yalipokuwa yakitengenezwa. Watu wawili walikuja kuandikiana mkataba wa kiwanja, wakazungumza, na kabla mashine haijafunguka wakagundua kuwa mpaka wao unapita katikati ya mkarafuu wa mtu wa tatu ambaye hajui lolote. Binti mmoja alikuja kuchapa maombi ya kazi. Kazi hakupata, lakini aliyekuwa akingoja fotokopi karibu naye ndiye mumewe hivi sasa.

Leo nabonyeza kitufe, nageuka kuvua buibui langu, na nikirudisha uso imeshafunguka, inanitazama. Mteja anasimama mlangoni, anapewa karatasi yake, anaondoka salamu ikiwa bado mdomoni. Mzee Jaribu aliniambia kwa huzuni, "Bi Ummkulthum, hicho chombo chako kimenifukuzia watu." Amehamisha birika lake nje ya ofisi moja ambayo sitaitaja jina, ambako watu bado wanangoja kwa utulivu.

2. Panya. Kwenye kitufe cha menyu kuna picha ya panya. Mimi nauza karatasi, Suhaib. Maisha yangu yote nimepigana na mnyama huyu, na wewe umempa mlango wa kuingilia kazini kwangu.

3. Kile kidirisha cheusi cha amri kinaniomba neno la siri, nikiandika hakionyeshi kitu, hata nukta. Siku ya kwanza nilidhani sijaandika, nikaandika tena kwa nguvu, kisha nikaandika huku nikitamka ili nisijichanganye. Sasa neno langu la siri linajulikana na watu wote wa barazani, na mmoja wao ameniambia ni dhaifu.

4. Haiharibiki. Hili huenda ukaliona ni sifa. Zamani nikikosea jina la mtu nilikuwa nasema, "Virusi hao," na mteja akiniombea dua. Juzi niliandika "Mkurungezi" mahali pa "Mkurugenzi", na mwenye barua akaniuliza, tena kwa adabu, kama nimelala vizuri. Yaani makosa yote ya mashine umeyachukua ukanirithisha mimi, na mimi sikuwa na makosa kabla yako.

5. Sasa nakuja kwenye lililonifanya nikae kuandika.

Mmanga unamjua: fundi wa mashine za boti, yule mrefu, mumewe Yumna anayesomesha kompyuta skuli ya sekondari. Yumna alimwazima kaka yake anayekaa kisiwani Fundo baiskeli ya Mmanga bila ya kumuuliza mwenyewe. Kaka mtu akaipakia mashuani, hakuifunga, ikatumbukia baharini. Mmanga alikuwa akiipenda mno baiskeli ile. Ilikuwa na kengele mbili.

Akaja dukani kwangu macho mekundu, salamu ameitoa nusu. Akasema, "Bi Ummkulthum, niandikie talaka. Ya kompyuta. N'taka iwe na kichwa cha habari."

Mwanangu, Mmanga hakuanza siku ile. Alishakuja kwa sababu ya chumvi, na akaja tena kwa sababu ya mama mkwe. Kila alipokuja nilikuwa nabonyeza kitufe na kumwambia, "Kaa, Mmanga, inafunguka." Anakaa, anapewa kahawa, anakitazama kile kiduara kikizunguka, na hasira zake zinazunguka nacho mpaka zinachoka. Kisha huondoka na fotokopi ya kitambulisho chake, maana huona haya kutoka mikono mitupu. Nadhani kwao wanazo fotokopi za kitambulisho nyingi kuliko vikombe.

Safari hii pia nikasema, "Kaa, Mmanga, inafunguka." Ikawa imeshafunguka. Akanitazama kama mtu aliyedanganywa. Ikabidi nifungue karatasi na kuandika kichwa cha habari: TALAKA.

Basi nikaamua kuiharibu. Najua neno hilo litakuuma, lakini ndani ya ile karatasi mlikuwa na nyumba ya watu.

Kwanza niliingia kwenye mipangilio ya skrini nikakuza kila kitu, hata herufi T peke yake ikawa kubwa kama doriani. Nikamwambia kwa masikitiko, "Naona leo haisomeki." Mashine ikaniuliza kama nataka ibaki vile. Nikanyamaza kimya. Nayo ilipoona nimenyamaza, ikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, bila ya ruhusa yangu. Nakuuliza, Suhaib: hii ni adabu gani, mwenye mali amenyamaza, mashine inajisahihisha?

Nikaingia chini ya meza, nikachomoa waya wa printa nikauchomeka tena. Ile ya zamani hapo ingedai diski, ingedai kuwashwa upya, jua lingetua. Hii, kabla sijainuka chini ya meza, imeshaitambua printa kwa jina. "Imeijua yenyewe!" akasema Mmanga, na nikaona anaanza kuvutiwa, nikaogopa zaidi.

Hapo nikafungua ile orodha ya programu zinazoendeshwa, nikaitafuta paneli, nikaizima. Ikafufuka. Nikaizima tena, ikafufuka tena. Sikukata tamaa mpaka ikakata tamaa yenyewe. Menyu ikaondoka, saa ikaondoka, yule panya akaondoka, na ile barua ya talaka niliyokuwa nimeificha kwenye paneli ikaondoka pamoja nao. Ikabaki skrini ya buluu, haina hata alama. Nikasema moyoni alhamdulillahi, na kwa sauti nikasema, "Imekufa, Mmanga. Rudi wiki ijayo."

Nilisahau kuwa yeye ni fundi. Mtu yule hawezi kuiacha mashine imekufa mbele yake akaenda zake. Akakunja mikono ya shati, akainama, akaweka sikio. "Haijafa hii," akasema. "Inapumua." Akaniomba bisibisi. Nikamwambia ugonjwa wenyewe hauna skrubu. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akatokwa na jasho, akasahau kilichomleta. Mwisho akatoa simu na, bila ya kufikiri, akampigia mtu anayeyajua mambo haya. Mtu huyo ni mkewe.

"Yumna," akasema kwa sauti ya kazi, "kompyuta ya Bi Ummkulthum imepotewa na mstari wa juu. Menyu hakuna, saa hakuna."

Simu alikuwa ameifungua sauti, kwa hiyo na mimi nilisikia. Yumna akauliza, "Na wewe umefuata nini huko?"

Mmanga akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Fotokopi," akasema.

"Haya. Shikilia Alt, bonyeza F2. Umekiona kidirisha?"

"N'nakiona."

Akamtajia jina la paneli, herufi moja baada ya moja. Vidole vya Mmanga vimezoea spana. Akakosea, akafuta, akakosea tena, na shingo ikaanza kumvimba.

"Taratibu, Mmanga," Yumna akamwambia. "Hapana anayekufukuza."

"N'nakwenda taratibu."

Paneli ikarudi, na saa yake. Mmanga akapiga kelele hata wachukuzi wa bandarini wakageuka. "Imerudi! Yumna, imerudi!" Na Yumna akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kizuri, Suhaib, hata mimi nilijikuta natabasamu na mashine niliyotaka kuiua. Mmanga akajikuna kichwa, akauliza kwa sauti ndogo, "Umeshapika?"

"Bado. N'nakungoja wewe na samaki."

Akaaga mbio. Nilitoa fotokopi ya kitambulisho chake na kumkimbilia nayo njiani, ili alichomwambia mkewe kiwe kweli.

6. Kutokana na kifungu cha 5, hoja yangu inajisimamia. Kompyuta hii ilipokuwa nzima ilikaribia kuvunja nyumba. Ilipokufa, iliijenga. Kwa hiyo kinachohitajika katika mji wa watu wenye hasira za karibu ni kompyuta mbovu, tena ubovu wa kutegemewa, usiofufuka. Naomba yafuatayo:

Kwanza, urudishe mzigo wote ulioutoa. Kama mfumo wa zamani umeshautupa, tafuta uliokuwa mbaya zaidi yake. Ikishindikana, nitengenezee kiduara kinachozunguka mpaka birika la Mzee Jaribu lichemke, na yeye mwenyewe apewe kitufe cha kukisimamisha. Tena paneli ife yenyewe kila litakapoandikwa neno talaka, mpaka, au mirathi. Na kwa kuwa wewe ni msomi na unakutana na wakubwa, lifikishe jambo hili mbele: kila mashine inayoandika mikataba visiwani iwekewe uzito kwa sheria. Baada ya hapo tiketi za boti. Baada ya tiketi, simu za mkononi, ambazo ndizo mama wa haraka zote. Mtu akimaliza kuandika tusi, simu imwambie akae, inafunguka.

Sitaki kusikia kuwa hayo hayawezekani. Uliniambia mwenyewe, ukiwa umeketi kwenye kiti changu, kuwa uzuri wa programu huria ni kwamba kila mtu anaweza kuibadilisha apendavyo. Mimi ndivyo nipendavyo.

Nisalimie mama yako, na mwambie samli imefika. Wasalimie wenzako wa chumbani, hasa yule anayetoka Mgogoni, mwambie kwao wazima na mihogo imekubali. Msalimie na mwalimu aliyekufundisha mambo haya. Yeye salamu yake iwe fupi.

Natanguliza shukrani, kwa masharti.

Mimi shangazi yako mwenye kulalamika na kukupenda,
Bi Ummkulthum Silima,
Mchapaji.

Baada ya kutia saini (Alhamisi):

Barua ilikuwa bado haijapanda boti, Mmanga akaja tena. Kumbe tangu siku ile Yumna ameutia mfumo wako kwenye kompyuta yao ya nyumbani, na wamegombana usiku kucha. Mmanga anataka paneli ikae juu, Yumna anataka ikae chini. "Niandikie," akaniambia. "Leo sina masihara."

Mwanangu, nilikuwa na mitihani ya skuli nzima ya kuchapa, na mgongo unaniuma. Sikumwambia akae. Sikuzima kitu. Niliandika alivyotaka, nikabonyeza, na karatasi ikatoka kabla hajauona msumari wa kutundikia kofia yake.

Nikamkabidhi. Mtu huyu, kwa miaka yote aliyokuwa akiiomba karatasi ile, hakuwahi kuiona. Akaliona jina lake, akaliona la Yumna chini yake, na karatasi bado ya moto kama mkate. "Bi Ummkulthum," akasema, "mbona haraka hivi? Mie n'likuwa n'nasema tu."

Hakutia saini. Aliichana, akaichana tena, na vipande akavitia mfukoni kimoja kimoja ili isibaki hata herufi kwenye pipa langu, kisha akatoka mbio bila ya fotokopi. Shehe Talib wa msikitini ameitwa awapatanishe, amekwenda kukaa nao. Baada ya adhuhuri Yumna amepita dukani kuniambia kuwa Mmanga amekubali paneli ikae chini, kando, popote atakapo mkewe, na kwamba hajui mumewe amepatwa na nini.

Kwa hiyo tafadhali vipuuze vifungu vyote, kuanzia cha 1 mpaka cha 6. Usirudishe uzito hata kidogo. Na kama kuna namna yoyote ya kuifanya iwake haraka zaidi ya hivi, niletee kwa boti ya kwanza, maana hivi ninavyoandika wamekaa barazani mtu na ndugu yake, hawasemezani, na wote wawili wanataka kuandikiwa.