Tisa Dhidi ya Nukta Nne Tano

Jumatatu, 14 Julai 2025
Naapa kuandika yote, hata yanayoniaibisha. Sabrina, tangu mhamie Tabora sina wa kumwambia. Kurasa hizi utazipata kwa basi.

Mama mdogo Dafrosa yuko kwetu Majengo wiki hii. Askari wa hifadhi! Mgongo umenyooka hata akisonga ugali. Jumamosi atashindana kulenga shabaha kwa bastola na mzee Leonidas, mwindaji wa kampuni ya utalii. Anaruhusiwa kwenda na mtoto mmoja tu. Ni mimi au binamu Osward. Atakwenda atakayeeleza vizuri kwa nini mama mdogo anatumia bastola ya risasi za milimita tisa, wakati mzee Leonidas anatamba na ya nukta nne tano.

Osward kaniambia nibaki nyumbani nichambue mchicha. Tutaona!

Jumatano, 16 Julai
Nimepiga hesabu. Tisa gawanya kwa sifuri nukta nne tano. Ishirini kamili! Yaani risasi ya mama mdogo ni kubwa mara ishirini. Maskini mzee Leonidas, anatembea na punje ya mtama. Nimechora mchoro kwa rula.

Nimeficha chaja ya simu ya mjomba, ile anayoazima Osward, ili asitafute mtandaoni. Dhambi ndogo.

Ijumaa, 18 Julai
Aibu! Osward alipoona simu imezima, akaenda kumuuliza mzee Leonidas mwenyewe. Kumbe tisa ni milimita, nne tano ni inchi. Ile ya mzee ina upana wa milimita kumi na moja na ushee! Osward akasema mimi napima mbuzi kwa lita. Mjomba naye kaiona chaja chini ya godoro langu.

Mama mdogo alicheka hadi akafuta machozi, kisha akanieleza taratibu. Nne tano hutoboa tundu kubwa zaidi, lakini humrusha mpigaji mkono. Tisa hurusha kidogo, mtutu unarudi upesi kwenye shabaha, na bastola inabeba risasi nyingi zaidi. Akasema risasi kubwa iliyokosa imeua hewa tu. Na akikutana na nyati, yeye huziacha zote mbili, akachukua bunduki ya mtutu mrefu.

Anaongea vizuri jamani! Nilisahau kulia hadi aliposema anakwenda na Osward.

Jumamosi, 19 Julai
Nimechambua mchicha.

Jioni wamerudi. Mama mdogo kashinda! Kaniletea karatasi yake ya shabaha. Matundu yote yanafunikwa na kizibo kimoja cha soda. Osward anasema ya mzee Leonidas yalitawanyika kama kuku walioona mwewe, na mzee alimpa mama mdogo mkono, akamwita mwalimu.

Kwa hiyo tisa imeishinda nne tano. Nilisema nini mimi?

Jumapili, 20 Julai
Mama mdogo kaondoka asubuhi. Ameahidi nikimaliza kidato cha nne atanipeleka nijifunze kulenga. Kasema nitaanza na ya ishirini na mbili.

Ishirini na mbili! Tisa yenyewe imemshinda mwindaji! Anasema ndiyo wanayowaanzishia wanafunzi, eti hairushi mkono. Nadhani ananitia moyo tu. Nimeanza kubeba ndoo mbili za maji nikaze mikono. Osward anacheka, ananiuliza kama bado napima mbuzi kwa lita. Wivu.

Sabrina, nijibu kwa basi la kesho: niikubali hiyo ya ishirini na mbili, au nimwombe kwa heshima aniazime kwanza ile ndogo ya tisa?